Sura ya Sita: Kitanda cha Mwaka Mzima Kando ya Nyasa

Anayepanda gari la asubuhi stendi ya Songea na kubadilisha Mbinga anaweza kula chakula cha mchana kando ya maji, Mbamba Bay. Safari nzima ni kama kilomita 170, na siku hizi ni lami. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Kile cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 67 hivi, kilijengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, nacho ndicho kilichogeuza hesabu zote. Zamani kilikuwa kona za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mtu hakwenda ziwani ila awe na shida ya kumpeleka. Leo gari linapita katikati ya mibuni ya Umatengo na mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya sega la nyuki ambayo Wamatengo waliyabuni ili mvua isichukue udongo wa milimani, kisha linaanza kushuka. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Aliyevaa koti Mbinga hulivua kabla hajafika chini, na kabla hajamaliza kulikunja ziwa limeshajaa mbele yake, halina ng'ambo.

Ziwa hilo ni la tatu kwa ukubwa Afrika baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika karibu mita 700, maji yake ya juu ni ya vuguvugu mwaka wote, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Upande wa Ruvuma, mwambao huu umo ndani ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa muongo uliopita, na makao yake makuu ni Mbamba Bay. Kuna mchanga mweupe, miamba mikubwa iliyolundikana kando ya maji, visiwa vidogo karibu na nchi kavu, na milima inayoanza kupanda hatua chache tu nyuma ya nyumba za wavuvi. Hata hivyo Mtanzania akitajiwa ufukwe, mawazo yake hukimbilia Zanzibar, Bagamoyo au Pangani. Hata mkazi wa Songea aliyezaliwa mwendo wa nusu siku kutoka Nyasa anaweza kufikisha miaka 40 bila kulala hata usiku mmoja kando ya ziwa hilo. Sura hii inatetea hoja moja: kwamba njia ya uhakika ya kuufanya mwambao huu ulishe watu wake ni vyumba vidogo, safi, vya bei ambayo mwalimu anaimudu, vinavyofunguliwa Januari hadi Desemba. Hoteli kubwa ya msimu ikija, ije. Lakini isiwe ndiyo inayosubiriwa.

Tuanze na neno lenyewe, nafuu. Chumba nafuu si chumba kibovu. Ni chumba chenye kitanda imara, shuka zilizofuliwa, chandarua kisichotoboka, mlango unaofungwa kwa ndani, choo safi na maji ya kuoga, basi. Televisheni, kiyoyozi na bwawa la kuogelea havimhusu mtu aliyekuja kupanda mlima asubuhi na kupiga kasia jioni. Huyo atakuwa nje mchana kutwa. Chumbani anaingia kulala. Ndiyo maana mpenda mazingira ya nje ndiye mgeni anayefaa zaidi kwa mwambao usio na mtaji mkubwa. Anachokilipia hasa, yaani ziwa, milima na hewa, kipo tayari na hakikujengwa na mtu. Mwenye nyumba anadaiwa usafi, usalama na ukarimu. Mambo haya matatu yanahitaji bidii kuliko fedha, nayo yako ndani ya uwezo wa mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne, wa kikundi cha vijana, au wa parokia yenye jengo ambalo nusu ya mwaka linakaa limefungwa.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa vyumba viwili. Cha kwanza kinauzwa shilingi 150,000 kwa usiku, kikapata wageni usiku 40 kwa mwaka, wakati wa sikukuu na likizo. Kitaingiza shilingi 6,000,000. Cha pili kinauzwa shilingi 25,000, kikalaliwa usiku 250. Kitaingiza shilingi 6,250,000. Kwa mapato ya mlangoni, vyumba hivi vinakaribiana sana. Tofauti iko kwingine. Chumba cha kwanza kimegharimu mtaji mara nyingi zaidi, na mhudumu wake ana kazi ya wiki sita kisha anarudi nyumbani. Chumba cha pili kimemweka mhudumu kazini karibu mwaka mzima, na kila mgeni wa usiku ule amekula kwa mama lishe, amepanda bodaboda, amenunua usipa wa kupeleka nyumbani, pengine amekodi mtumbwi. Kweli, wageni wa usiku 250 huchosha shuka, godoro na sabuni kuliko wageni wa usiku 40, na mwenye chumba asiyeweka akiba ya ukarabati atajikuta na gesti chakavu baada ya miaka mitatu. Lakini gharama hizo zenyewe hulipwa hapo hapo kijijini: kwa dobi, kwa seremala, kwa fundi bomba. Na kuna sheria moja ya biashara hii ambayo hakuna anayeikwepa, kwamba usiku uliopita bila mgeni hauwezi kuuzwa kesho. Mahindi yasiponunuliwa leo yanarudi ghalani. Kitanda kitupu hakina ghala.

Swali la haki ni hili: usiku 250 utajazwa na nani? Jibu la kwanza ni watu wanaokuja tayari. Mji wa makao makuu ya wilaya hupokea watumishi wa serikali, wasimamizi wa mitihani, mafundi, wahubiri, madereva na wafanyabiashara wa samaki katika siku za kazi. Wafanyabiashara hao wana kalenda yao, nayo inafaa kutazamwa kwa makini. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti samaki vizuri mbalamwezi ikiwa imewaka juu ya maji. Kwa hiyo siku za giza ndizo za pilikapilika mialoni, ndizo za vitanda kujaa. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika na vyumba hupungukiwa. Nazo ndizo siku nzuri kuliko zote kwa mtu anayetaka kuketi mchangani usiku au kutembea kandokando ya maji bila tochi. Mwenye gesti anayejua kuzisoma kalenda hizi mbili anaweza kuwauzia wafanyabiashara siku za giza na kuwaita watembezi siku za mwezi mpevu, na kitanda chake kisilale njaa.

Jibu la pili ni mkoa wenyewe. Ruvuma ina watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, na Manispaa ya Songea peke yake ina zaidi ya laki mbili. Humo mna walimu, wauguzi, maofisa, wanachuo, wafanyabiashara wa mahindi na kahawa, vikundi vya kwaya na vya kina mama wanaoweka akiba ya pamoja. Watu hao hawana nauli ya kwenda Zanzibar kila mwaka, lakini wana nauli ya kwenda Mbamba Bay mara mbili au tatu. Kwa taifa zima dalili ni hizo hizo. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2, na watalii wa ndani waliohesabiwa mwaka huo walikuwa wengi kuliko hao. Mtanzania ameanza kusafiri kwa ajili ya kuona nchi yake. Anachokosa akifika ni mahali pa kulala pasipommaliza mshahara.

Yako maneno yanayosemwa kila mara kwamba ziwa lina msimu wake, kwamba mtu aende kiangazi tu. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa miezi. Kusini magharibi hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Mei hadi Agosti hewa ni kavu, baridi ya Songea na Mbinga ni kali, na watu wa juu wangefurahi kushuka kuota joto. Wakati huo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa, hivyo si miezi ya mtumbwi mdogo kwenda mbali. Ni miezi ya miguu: kupanda vilima vya nyuma ya Mbamba Bay, kufuata njia za vijiji za pwani, kupanda tena Umatengo kuona kahawa ikichumwa. Septemba hadi Novemba joto linapanda, upepo unatulia, maji yanakuwa maangavu kiasi kwamba mtu aliyevaa miwani ya kuogelea anaona samaki wa rangi za buluu na njano wakizunguka miamba, wale wanaoitwa mbuna, ambao Ulaya na Marekani watu huwafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni. Hapa wanaonekana bure, nyumbani kwao.

Mvua zikianza, mwambao haufungwi, unabadilika sura. Maembe yanaiva. Milima iliyokuwa ya kahawia inakuwa kijani, mito inajaa, na mbasa, samaki mkubwa wa rangi ya fedha anayependwa kuliko wengi ziwani humo, anapanda mito kama Ruhuhu kwenda kuzaa. Juu ya ziwa huonekana mawingu yaliyosimama kama moshi wa moto mkubwa. Ni wadudu wadogo wasiohesabika, kungu, ambao wakazi wa kando ya Nyasa wamewakusanya na kuwala tangu kale. Mvua yenyewe mara nyingi hunyesha kwa saa kadhaa kisha jua hutoka. Tena katikati ya msimu huo kuna sababu nyingine ya mgeni kuja Ruvuma. Kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na Makumbusho ya Majimaji hupokea watu kutoka mbali. Wengi wao huhudhuria, hulala usiku mmoja au miwili mjini, kisha hurudi walikotoka. Wangeelezwa kwamba ziwa liko mwendo wa saa chache, na kwamba huko kuna chumba cha bei yao, wapo ambao wangeongeza siku mbili. Mwaka mzima, basi, maana yake ni kumwambia mgeni kwa ukweli mwezi gani ni wa nini, wala asidanganywe kwamba miezi yote ni sawa.

Wala mgeni huyo hatakosa la kufanya. Akienda kaskazini ya Mbamba Bay atafika Liuli, ambako mwamba mkubwa kando ya maji uliwafanya Wajerumani waipe bandari ile jina la Sphinxhafen, kwa kufananisha jiwe na sanamu maarufu ya Misri. Wenyeji wanaliita Jiwe la Pomonda. Hapo hapo, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wanahistoria wengi hulihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kijana wa Liuli anayeweza kulieleza tukio hilo vizuri, akamwonyesha mgeni mwamba, akampeleka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Lundo na kumrudisha salama, tayari ana kazi. Mbele zaidi kuna Lituhi na mlango wa Ruhuhu, ambako daraja linaunganisha Ruvuma na Manda ya Ludewa. Tangu 2021 meli ya MV Mbeya II imekuwa ikisafirisha abiria ziwani kutoka upande wa Kyela. Mtu anaweza kushuka na ziwa kutoka kaskazini na kupanda kwa barabara hadi Songea, akaliona ziwa lote la upande wetu katika safari moja.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto, kwa sababu limeshafanyika kwenye maji haya haya. Ng'ambo ya Mbamba Bay, upande wa Malawi, kuna Nkhata Bay; kusini zaidi kuna Cape Maclear, ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1984. Kwa miongo kadhaa miji hiyo imeishi kwa vibanda, mahema na vyumba vya bei ndogo vya wasafiri wanaobeba mabegi mgongoni. Maji ni yale yale, samaki ni wa ukoo ule ule, na jua linalochomoza nyuma ya milima yetu ndilo linalowaangazia wao. Hapa nchini nako, Matema ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, nyumba za wageni za kanisa zimepokea watu wa kawaida kwa miaka mingi, na wageni hao ni miongoni mwa wanunuzi wa vyungu vya Wakisi kwenye soko la Lyulilo. Tangu miaka ya 1990, mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa kwa msaada wa Waholanzi na kusimamiwa na Bodi ya Utalii umeonyesha katika vijiji vya kaskazini kwamba waongoza wageni na mama wapishi wa kijiji wanaweza kuwapokea wageni bila kumsubiri mwenye hoteli. Na Songea yenyewe ina shule ya karibu zaidi: Peramiho, ambako Wabenediktini waliweka makao mwaka 1898. Nyumba za wageni za misheni zimefundisha vizazi vya wasafiri kwamba chumba kinaweza kuwa cha kawaida kabisa na bado kikawa safi kuliko vingi vya bei kubwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema bei ndogo huleta wageni wasioacha kitu. Kwamba nchi imefanikiwa kwa kuwatafuta wachache wanaolipa sana, kama ilivyo kwenye mbuga za kaskazini. Mkakati huo una mantiki Serengeti, ambako kila gari linalozidi linamsumbua mnyama, na ambako mgeni anakuja mara moja katika maisha yake. Nyasa hakuna nyumbu wa kuhama. Kinachouzwa hapa ni mapumziko, na mapumziko hurudiwa. Mwalimu wa Namtumbo anayelala Mbamba Bay usiku mitatu kila Juni kwa miaka kumi ameacha usiku 30, pamoja na wenzake aliowaleta. Isitoshe, fedha ya mgeni wa hoteli kubwa mara nyingi hulipwa mbali, kwa wakala au kwa mwenye mtaji wa mjini. Ya mgeni wa chumba kidogo hutolewa mfukoni na kuwekwa mkononi mwa mtu wa pale. Wahenga hawakusema mgeni njoo, tajiri apone. Walisema mwenyeji apone.

Wengine husema bei nafuu huzaa uchafu, na kwamba gesti zetu nyingi zina sifa mbaya ambayo baba au mama mwenye watoto hawezi kuivumilia. Ni kweli zipo za namna hiyo, na mwambao ukijaa hizo, hoja yote ya sura hii itaanguka. Lakini uchafu hauletwi na bei. Maji, sabuni na usimamizi haviwi ghali kwa sababu chumba ni cha 25,000. Kinachokosekana ni kipimo kinachojulikana na wote. Halmashauri inayotoza ushuru wa nyumba za wageni inaweza pia kuzikagua, kisha ikabandika mlangoni tangazo linalosema nyumba hii ina choo salama, vyandarua na maji, na imekaguliwa tarehe fulani. Mgeni akiona tangazo hilo atachagua. Mwenye nyumba jirani akiona wageni wanampita, atanunua chandarua. Familia zikianza kuja na watoto, sifa ya gesti itabadilika yenyewe, kwa kuwa wageni nao hufundisha nyumba tabia.

Hoja ya usalama ndiyo nzito kuliko zote, na anayeuza ziwa bila kuitaja anamdanganya mgeni. Kwenye milango ya mito kuna mamba. Kusi linaweza kuupindua mtumbwi. Maji yaliyotulia yenye nyasi yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho. Haya yote yana tahadhari zinazojulikana: kuogelea mahali penye mchanga au miamba iliyo wazi mbali na midomo ya mito, kumuuliza mvuvi kabla ya kuingia, kuvaa koti la kuokolea kila mara mtu akipanda chombo, na kupima kichocho baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa dawa yake ipo. Lakini kuna somo kubwa zaidi kutoka Cape Maclear. Watafiti huko waliona kichocho kikiongezeka, wakalihusisha ongezeko hilo na uvuvi uliopita kiasi karibu na ufukwe, uliowamaliza samaki wanaokula konokono. Somo hilo linawakutanisha mvuvi, mtoto anayeoga na mgeni aliyelipia chumba. Nyavu haramu zikikomeshwa kwenye maji mafupi, wote watatu wamelindwa, na mwenye gesti anapata sababu ya fedha taslimu ya kusimama upande wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi.

Inabaki ardhi. Hofu ya wazee wa vijiji vya mwambao ni kwamba leo kitaingia chumba kimoja, kesho uzio, keshokutwa mvuvi ataambiwa mwalo si wake tena. Yaliyotokea kwenye fukwe nyingine yanaihalalisha hofu hiyo. Lakini hofu hiyo ndiyo inayouunga mkono mpango wa vyumba vidogo. Uzio mrefu hujengwa na mradi mkubwa. Nyumba ya vyumba vinne hujengwa kwenye kiwanja cha familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji njia ya kupata hati ya haki miliki ya kimila, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vijiji vikizishika sheria hizo mbili kwa pamoja, mchanga utabaki wa wote, vyumba vitakaa nyuma ya mita 60, na mwenye chumba atabaki kuwa mtu wa kijiji. Kuhusu mpaka wa ziwa ambao Tanzania na Malawi zimebishania tangu miaka ya 1960, serikali zitaendelea kuzungumza. Watu wa Mbamba Bay na Nkhata Bay wameoana, wamevua na wameuziana kwa muda wote huo, na hakuna kitanda kilichokosa mgeni kwa ajili ya ramani.

Muda wa kuamua si mrefu. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay ili mizigo ya ushoroba wa Mtwara, pamoja na makaa ya mawe ya Mbinga, ivuke ziwa. Bandari huleta kazi, nayo huleta malori, kelele, bei ya viwanja na watu wanaotafuta pa kulala usiku wowote kwa bei yoyote. Mji usiojipanga utajikuta una vyumba vingi vya haraka haraka na ufukwe uliokatwa vipande. Mji uliojipanga utatenga sehemu ya mizigo mbali na sehemu ya kuogelea, utapima viwanja vya nyumba za wageni nyuma ya mstari wa mita 60, na utaacha njia ya miguu ya umma kandokando ya maji, ambayo haitafungwa na mtu yeyote kwa mwaka wowote. Kazi hiyo ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, na inagharimu kidogo sana ikifanywa kabla ya meli ya kwanza kubwa kutia nanga kuliko ikifanywa baadaye.

Kazi ya mwenye nyumba ni kufua shuka, kuziba matundu ya chandarua, kuandika bei ukutani na kutoipandisha sikukuu ikifika. Kazi ya kijana ni kuyajua majina ya ndege, ya samaki na ya mashujaa wa nchi yake, ili mgeni asilipie picha tu bali na maarifa. Na kwako msomaji, hasa wewe uliyeko Songea, Namtumbo, Mbinga au Tunduru, ombi ni dogo. Kabla mwaka huu haujaisha, chukua siku mbili, beba nguo za kuogea na viatu vya kutembea, panda gari la asubuhi, ukalale Nyasa. Lipa chumba kwa mwenye chumba, chakula kwa mpishi, mtumbwi kwa mvuvi. Ukirudi, mwambie mwenzako ulilipa kiasi gani, na umwambie aende mwezi ambao wengine hawaendi.